Benchi la Chini

Kaka yangu Urho ana dini moja tu, nayo ina bomba la moshi. Iko nyuma ya nyumba yetu huku Lappe, kijiji cha wahamiaji wa Kifini, hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni: chumba cha mbao cha kuogea kwa mvuke, jiko la kuni, mawe juu ya jiko, na mabenchi mawili, la juu na la chini. Kila Jumamosi anakoka moto wa sauna, theluji ianguke isianguke. Baba yetu alifariki siku ya Ijumaa. Kesho yake Urho alikoka kama kawaida, akasema marehemu angeona aibu kuzikwa na watu wachafu.

Kwa hiyo sikushangaa aliponigongea mlango Jumamosi ile ya Februari. Nilishangaa saa tu.

"Raili! Amka, sauna iko tayari!"

"Saa nne asubuhi? Kichwa chako kizima?"

"Saa saba una miadi hospitali. Unataka daktari akushike miguu ambayo haijaoshwa? Watauliza umelelewa na nani, na jina litakalotajwa ni langu."

Miadi yangu huwa Jumanne. Lakini Jumanne ile dhoruba ilifunga barabara mpaka hata greda la kuondoa theluji likazama, hospitali ikanisogeza Jumamosi. Laiti wangejua wamenisogeza wapi.

Nina ugonjwa wa MS. Ukitaka kuuelewa haraka, chukua neva kuwa ni nyaya, na kila waya umevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini ili umeme usivuje njiani. Askari wa mwili wangu, waliowekwa hapo kufukuza wezi, siku moja waliamka wakaanza kuitafuna ala hiyo. Hakuna aliyewachokoza. Mimi nilishawahi kuolewa na mtu wa namna hiyo, kwa hiyo tabia yao naifahamu. Yule wangu alikwenda Alberta kwenye visima vya mafuta, akaahidi kurudi Krismasi. Hakutaja ya mwaka gani.

Nilipika kwenye kambi za wakata magogo miaka kumi na tisa, nikapika kwenye nyumba ya wazee mitaa ya mjini miaka sita, na muda wote huo sikuangusha sufuria. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kujikokota. Jicho la kushoto likaingia ukungu. Siku moja nikaanguka dukani, nikalala chini pamoja na makopo arobaini ya maharagwe, na mtoto mmoja akamwambia mama yake, "Tazama, yule bibi ameshinda!" Mwaka uliofuata jirani aliniletea kitabu cha picha za viti vya magurudumu. Nikamwambia nitachagua chenye kengele.

Halafu ukaja utafiti. Watu mia tano nchi nzima, kila mmoja na vidonge vyake asubuhi na jioni. Wengine wanameza dawa mpya, wengine wanameza unga mtupu. Mimi sijui nameza nini, daktari hajui, nesi hajui, inajua kompyuta moja tu huko Toronto, nayo haisemi. Ninachojua ni kwamba kwa miezi kumi na minne sijaanguka, na nimerudi jikoni kwa wazee nusu siku, nageuza chapati za Kifini kwa miguu yangu miwili.

Kanuni moja ya utafiti huo niliijua kuliko sala. Kila baada ya miezi mitatu unatembea futi ishirini na tano huku unapimwa kwa saa. Mimi hutumia sekunde saba na kidogo. Ukizidisha sehemu moja ya tano ya muda wako, bila sababu nyingine inayojulikana, unahesabiwa kuwa ugonjwa umekupita mbio, na vidonge vinasimamishwa. Kwangu mstari ulikuwa sekunde nane na nusu. Upande huu wa mstari kulikuwa na jiko langu. Upande ule, kiti chenye kengele.

Sasa, habari ya joto. Daktari alinikataza tangu mwanzo, na mimi ni mtu mtiifu. Sauna nikaiacha. Mtu yeyote wa Lappe atakuapia: tangu siku ile sijapanda benchi la juu. Nakaa benchi la chini, pamoja na mbwa, wageni kutoka Toronto na watoto ambao hawajaanza shule. Kwetu hiyo haihesabiwi. Ni kama kusema umekunywa pombe kwa sababu umepita mbele ya baa.

Basi nikakaa benchi langu la chini nusu saa. Urho alikuwa amenitolea kwenye friza fungu la mwisho la matawi yenye majani ya mti wa betula tuliyokata kiangazi, nikajipigapiga mabega na miguu mpaka ngozi ikawaka. Nikatoka nimelegea, lakini nani hatoki sauna amelegea? Nikavaa sufu juu ya sufu. Nje kulikuwa digrii ishirini na saba chini ya sifuri, kwa hiyo Urho aliwasha hita ya pikapu kama anayeoka mkate, na mkate wenyewe ni mimi.

Njiani tukasimama kununua maandazi ya Persian, yale ya mjini kwetu yenye sukari ya rangi ya waridi juu. Ndio utaratibu: miadi ikiisha salama, tunakula ndani ya gari.

"Safari hii unanunua kabla," nikamwambia. "Si mkosi?"

"Mkosi ni foleni ya Jumamosi mchana," akasema, akaliweka boksi mapajani kwangu.

Niliposhuka hospitali, mguu wa kushoto haukushuka nami. Nikausubiri. Ukaja, kwa kusitasita, kama mpangaji aliyeitwa na mwenye nyumba. Nikajiambia ni barafu. Chumba cha kungojea kilikuwa na joto, nami ni mvivu wa kuvua koti. Nikakaa humo dakika arobaini, boksi mapajani, nikimcheka Urho alivyokuwa akisoma gazeti la wajawazito.

Nesi wa utafiti anaitwa Darlene Moonias. Ndugu zake ni Waojibwe, wenyeji wa asili wa kaskazini, barabara inakoishia, lakini yeye amekulia mjini hapa, na mdomo wake umekulia pamoja naye.

"Karibu, mama. Naona leo umekuja na mlinzi."

"Si mlinzi, ni dereva. Nikimlipa ataacha kunung'unika."

"Jaribu kunilipa uone," Urho akasema.

Darlene akaniweka kwenye mstari wa utepe sakafuni, saa mkononi. "Haraka uwezavyo, ila salama. Nenda."

Nilikwenda. Hatua ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya tatu ncha ya kiatu ikakwaruza sakafu. Kiuno nikakirusha mbele kuufuata mguu, mguu ukakataa. Nilipofika utepe wa pili nilikuwa nimeshika ukuta.

Darlene akainamia karatasi, akaandika namba tu. Yeye ambaye husema hata akiwa amemung'unya kipimajoto.

"Pumzika, kisha mara ya pili," akasema. "Labda ulikuwa hujajiandaa."

Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Niliiona saa kabla hajaigeuza: sekunde kumi na moja na nukta mbili.

Nikafunika jicho la kulia kwa kiganja, nilipime la kushoto. Ukutani kulikuwa na bango la kunawa mikono, ambalo kwa jicho hilohilo nimelisoma mara tano kwenye miadi mitano. Maandishi yote yalikuwa uji.

"Urho," nikasema, "hayo maandazi yape manesi."

"Nyamaza," akasema kaka yangu, akalikumbatia boksi. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko barabara ya theluji.

Daktari Petryshyn akaja. Ni mzee mwembamba, mpole, mwenye desturi ya kuzisoma karatasi zote kabla ya kukusalimu. Akazisoma. Akanisalimu. Darlene alikuwa amenipima joto: thelathini na nane na nukta moja.

"Una homa," daktari akasema. "Homa inaweza kufanya haya. Kikohozi? Mkojo unauma?"

"Hapana."

Mkojo wakaupima hapohapo, ukawa safi. Nilichukia usafi huo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naomba niwe na maradhi ya kibofu.

"Umekaa mahali penye joto kali? Umeoga maji ya moto?"

"Hapana, daktari."

"Sauna?"

"Niliacha. Tangu mwaka juzi."

"Ameacha," Urho akaunga mkono, kifua mbele. "Mimi ni shahidi. Iliniuma, lakini ameacha."

Daktari akashusha pumzi, akachukua kalamu. Niliiangalia ile kalamu kama kuku anavyokiangalia kisu. "Basi itabidi niandike kuwa hakuna sababu nyingine. Pole sana, Raili. Darlene, mvue soksi nimpime nyayo, kisha tutazungumza habari ya vidonge."

Darlene akapiga goti, akavuta soksi ya sufu. Akasimama ghafla. Kisigino changu kilikuwa kimebandikwa jani dogo la kijani, limenyauka, mishipa yake yote inaonekana.

Akalibandua kwa kucha, akalinusa.

"Mama Raili," akasema taratibu, "huu ni mwezi wa pili. Nje kuna theluji mpaka kiunoni. Jani bichi la betula limekujaje mguuni?"

Urho akaitazama dari kana kwamba kule ndiko majani yanakotoka.

"Mimi nimekaa na Wafini tangu nizaliwe," Darlene akaendelea. "Daktari, ukimuuliza Mfini kama amekwenda sauna unapoteza muda. Muulize amekaa wapi. Mama, leo umekaa wapi?"

"Benchi la chini," nikasema. "Lakini hilo..."

"Lini?"

"Asubuhi. Saa nne na nusu, mpaka saa tano. Lakini Darlene, benchi la chini si sauna, ni ukumbi tu wa kungojea."

"Kuna joto kiasi gani kwenye huo ukumbi?"

Nikamgeukia Urho. Yeye ndiye mwenye kipimo.

"Pale chini ni baridi," akasema, kwa dharau ya mtaalamu. "Sabini tu."

"Sabini!" Daktari Petryshyn akaidondosha kalamu. "Digrii sabini?"

"Juu ndiko kwenye tisini. Chini anakaa mbwa!"

Nilikuwa sijawahi kumwona yule mzee akicheka, na hata siku ile nusura ajizuie. Alijifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Sikiliza. Ala ya neva ikiwa nzima, joto halina neno. Ikiwa imetafunwa, umeme hupita kwa kubahatisha. Ongeza nusu digrii mwilini, unakwama. Ukipoa, unapita tena. Zamani, kabla ya mashine za kupiga picha ubongo, madaktari walikuwa wakimtumbukiza mgonjwa kwenye beseni la maji ya moto. Akilegea na macho yakiingia ukungu, walijua ugonjwa ndio huu. Wewe umejifanyia kipimo cha walimu wangu, na umekifaulu vizuri mno."

"Kwa hiyo ugonjwa haujanipita mbio?"

Akaacha kutabasamu. "Sijui. Inaweza kuwa joto. Inaweza kuwa joto na ugonjwa pia. Tutajua ukishapoa."

Darlene alikuwa ameshalifungua kabrasha la kanuni, nene kama tofali. Akasoma akifuata kwa kidole: mgonjwa akiwa na joto la mwili lisilo la kawaida, kipimo hurudiwa siku hiyohiyo joto likishashuka, na sababu iandikwe. "Kliniki inafungwa saa kumi," akasema. "Sasa ni saa nane na robo. Vua koti."

"Nimtoe nje nimgaragaze kwenye theluji," Urho akajitolea. "Dakika mbili tu. Baba alikuwa anafanya hivyo na alifika miaka themanini na minane."

"Mzee, hapa ni hospitali."

"Ndiyo maana naomba ruhusa."

Wakanivua sufu zote, wakaniacha na fulana. Nikafungwa mifuko ya barafu kwapani na shingoni, taulo za maji baridi miguuni, nikapewa barafu ya matunda ya kijiti ambayo huwapa watoto waliokatwa tonsili. Nimewahi kulala kambini usiku ambao maji ya kunywa yaliganda kitandani, lakini sikuwahi kuitafuta baridi kwa bidii kama ile. Meno yaligongana. Urho alikaa pembeni, boksi mapajani, ananipepea na gazeti la wajawazito.

"Ni kosa langu," akasema kwa sauti ya chini.

"Ni kosa lako," nikakubali. "Pepea."

"Nilitaka uende safi tu."

"Najua, kaka. Pepea."

Kisha akauliza, "Na kama si joto?"

Nikafunika jicho la kulia nikautazama ukuta, kwa sababu ilinibidi nitazame kitu.

Bango lilikuwa bado uji. Nikahesabu mpaka mia. Nikahesabu tena. Mahali fulani kwenye mia ya tano au ya sita, katikati ya uji pakatokea fimbo mbili zilizosimama. Nikadhani nazitaka tu ndio maana naziona. Nikanyonya barafu yangu, nikasubiri. Fimbo zikapata mkono katikati, ikawa herufi. Jirani yake ikajitokeza, kisha nyingine, kama watu wanaorudi majumbani dhoruba ikiisha, mmoja mmoja, kila mtu na taa yake.

"Nawa mikono," nikasoma kwa sauti, "kwa sekunde ishirini."

"Nimenawa," akasema Urho.

"Wewe! Nasoma! Nasoma kwa jicho la kushoto!"

Akaacha kupepea. Akageuka akalitazama bango, akanitazama mimi. "Endelea chini. Yale madogo."

"Na... katikati ya vidole."

Urho alisimama akaenda dirishani, akakaa huko akiwa amenipa mgongo. Wafini wana namna yao ya kulia. Nilimwacha.

Saa tisa na dakika arobaini joto langu lilikuwa thelathini na sita na nukta tisa. Darlene akanirudisha kwenye utepe, daktari akasimama mlangoni, mikono mifukoni, anajifanya kusoma karatasi.

"Haraka uwezavyo, ila salama. Nenda."

Nilikwenda. Sikuufikiria mguu wa kushoto, nao, ulipoona haufikiriwi, ukaja wenyewe. Kiatu hakikukwaruza. Ukuta ulikuwa pale pembeni na sikuuhitaji. Sita na nukta tisa. Mara ya pili, saba na nukta moja.

"Saba kwa wastani," Darlene akasema, kisha akapiga kelele ambayo ilisikika mpaka kwa waliokatwa tonsili. "Saba, mama! Ileile ya Novemba! Hujasogea hata unywele!"

Daktari Petryshyn akaniangalia nyayo, magoti, macho, akanigusisha pua na kidole, akaandika mistari mingi. Ugonjwa ulikuwa palepale ulipokuwa. Sijapona, na hakuna aliyesema nimepona. Lakini kuna siku habari njema kuliko zote ni kwamba hakuna habari. Darlene akanikabidhi chupa tatu za vidonge, za miezi mitatu, nikaziingiza mfukoni na kufunga zipu.

"Kuanzia leo," daktari akasema, "hakuna sauna. Ya juu wala ya chini."

"Daktari," Urho akaingilia, "chini kabisa je? Sakafuni? Mlango ukiwa wazi, miguu kwenye ndoo ya barafu?"

Daktari akamtazama muda mrefu. "Hiyo," akasema, "ni kukaa sakafuni na miguu kwenye ndoo. Siwezi kumkataza mtu hilo. Ila isiwe karibu na siku ya miadi, na mtu awe naye."

Darlene alikuwa ameinama juu ya karatasi ya maswali tunayojaza kila miadi. Chini ya swali la joto aliongeza la kwake kwa kalamu nyekundu: *Umekaa benchi lipi?*

Nje giza lilikuwa linaingia na baridi ilikuwa imezidi. Urho akawasha pikapu, mkono ukaenda kwenye hita. Nikaupiga kofi.

"Zima."

"Raili, ni digrii thelathini chini ya sifuri!"

"Zima, na ushushe kioo."

"Nitakufa."

"Utakufa safi."

Akashusha kioo, robo tu, akijifunga skafu mpaka machoni. Nikafungua boksi. Maandazi yalikuwa yamepigwa na upepo kidogo tu, lakini ile sukari ya waridi ilikuwa tayari imekauka kama rangi ya ukutani. Nikamkatia kipande, akakipokea kwa glavu, akatafuna. Kikalia kama changarawe.

"Kama jino limevunjika," akasema, "utanipeleka wewe kwa daktari."

"Nitakupeleka. Ila kwanza utaoga."

Akacheka mpaka pikapu likayumba, na mvuke wa kicheko chake ukaganda kwenye kioo cha mbele, ikabidi asimame kando ya barabara ya Lappe aukwangue kwa kadi ya maktaba. Nikateremka kumsaidia. Hakuniambia nikae. Nilizunguka mbele ya gari kwa miguu yangu, kulia, kushoto, kulia, taa zikinimulika, nikaanza kukwangua upande wangu.